Jina Lako Nililompa Mtoto Asiyekuwepo

Somo wangu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikabaki na kalamu hewani, nikisubiri ile marahaba yako ndefu inayoanzia kifuani na kuishia puani. Haikuja. Basi naendelea hivyo hivyo.

Leo ni Jumapili. Idrisa yuko kwenye meza yake ya ufundi ng'ambo ya barabara, anamalizia friji la mteja, na atarudi adhuhuri. Alasiri mama mkwe anakuja kutoka Kawe, na anakuja na mkunga, bibi mmoja ambaye inasemekana mikono yake haijawahi kukosea. Wanakuja kunipapasa tumbo.

Somo, tumboni mwangu hamna mtoto. Hamna, na hajawahi kuwemo. Kilichomo ni ugonjwa. Lakini mtoto huyo asiyekuwepo tumeshampa jina, na jina lenyewe ni lako, Mwanaidi. Nakuandikia kukuomba radhi kabla hawajafika.

Najua ungeuliza kwa nini simwendei mama. Mama yupo Kiwalani, mzima, kila Ijumaa anakusomea Yasini. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mambo ya ndani ya kanga mwali hampelekei mama yake mzazi, anampelekea somo wake. Mie somo wangu yuko makaburini, na mambo ya ndani ya kanga yamenifika shingoni.

Ngoja kwanza nikupe raha, maana ulitutoka siku ya ishirini tangu nipelekwe kwa mume, hukuiona ndoa yangu ikinoga. Somo, nampenda mtu yule! Nampenda mpaka nikimwona anavaa soksi nacheka peke yangu. Mikono yake inanuka mafuta ya kompresa na mie nainusa kama udi. Meza yake iko hatua arobaini tu kutoka mlangoni kwetu, lakini ananitumia meseji kutwa. "Mke wangu, nakuona unaanika." Dakika tano baadaye: "Mke wangu, kanga ya njano imekupenda." Kwenye simu yake namba yangu hakuiandika Zuhura, ameiandika Nyumbani. Ijumaa haji mkono mtupu, lazima kikuba cha asumini, na ananivisha mwenyewe kama vile bado tuko ndani ya fungate. Ungemwona ungepiga kigelegele kimoja tu, kile chako kifupi cha "kazi yangu hiyo".

Sasa mwanamume wa namna hiyo unamwambiaje kwamba mkewe anaharisha?

Nisamehe kwa neno hilo. Nimelizunguka miezi mitano. Leo naliandika kwa sababu karatasi haikunji pua.

Unakumbuka wiki ile uliyokuwa ukinisinga kwa liwa, nikawa nainuka kila baada ya muda mfupi? Ulicheka. "Hofu ya bi harusi hiyo, ukishamzoea mwenyewe tumbo litatulia." Nikakuamini. Halikutulia. Maji matupu, mara sita, mara nane kwa siku, na siku nyingine linaniamsha usingizini. Nikakonda, kanga ikawa inanizunguka mara mbili. Zahanati wakaniambia amiba, nikanywa dawa ya amiba. Wakaniambia taifodi, nikamaliza ya taifodi. Minyoo, nikanywa. Na nyumba yetu hapa Mbagala ina wapangaji watano na choo kimoja uani. Nikitoka chumbani na kopo langu, macho yote yananisindikiza. Mama Sele wa chumba cha mwisho, mdomo wake hauna breki, aliniambia mbele ya watu, "Bi harusi, humo chooni umepanga chumba cha pili? Tukuletee kitanda?" Watu wakacheka, na mie nikacheka, halafu nikaingia ndani nikalia kwenye mto wa Idrisa.

Ulikuwa ukituambia, "Mwanamke chooni anakwenda kama paka, hakuna anayejua alipofukia." Somo, paka wako alishindwa kufukia.

Mwezi wa pili wa ndoa dada Rukia alinishika mkono akanipeleka kwa daktari bingwa wa tumbo. Kwa Idrisa niliaga naenda kumsalimia mama. Wakanipitisha kamera ndani ya utumbo, jambo ambalo katika mafunzo yako yote hukunitayarisha nalo, na kamera ikaona utumbo safi, hauna hata kidonda. Nikasema basi nimelogwa, au nina wazimu. Lakini daktari alikuwa amechukua vinyama vidogo kama punje za mchele vikaangaliwe kwa hadubini, na huko ndiko ugonjwa ulikokuwa umejificha. Unaitwa kolaitisi. Utumbo mpana umevimba kwa namna ambayo jicho tupu haliuoni uvimbe wake. Daktari ni mama mmoja mpole, miwani yake ameifunga kwa uzi. Akaniambia, "Hujalogwa, na si uchafu, na si kosa lako. Mara nyingi unawapata watu wazima zaidi, lakini hata wa umri wako wapo." Nilimuuliza kuhusu kuzaa kabla ya kumuuliza kuhusu kufa. Akasema ugonjwa huu haufungi kizazi, ila nikitaka mtoto nimwambie mapema ili apange dawa.

Kisha akauliza nimekuwa nikinywa dawa gani kwa muda mrefu. Nikasema diklofenaki, ya chango, kila mwezi tangu nina miaka kumi na tano. Akasema niiache, huenda inachochea.

Zile ulikuwa ukinipa wewe, Somo. Ulikuwa ukizifungua kutoka kwenye pindo la kanga yako, na kikombe cha maji ya uvuguvugu, na mkono wako mgongoni mpaka maumivu yapite. Sikumwambia daktari aliyenipa ni nani. Sikulaumu, na wewe usijilaumu huko uliko. Yalipita kweli.

Dawa yenyewe ni kapsuli, tatu kila asubuhi, namezea maji bila kutafuna. Zinakwenda wiki kadhaa, zinapunguzwa kuwa mbili, kisha moja, na nimeonywa nisiache ghafla. Chakula nacho kikabadilika. Kahawa niipumzishe, na chai ya maziwa, na pilipili, na vya kukaanga, na maharage. Nile ubwabwa laini, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, kuku asiye na ngozi. Na niandike kwenye daftari kila kinachonichafua, kwa sababu, alisema, kila tumbo lina adui zake. Mie niliyelelewa kwa mihogo ya nazi na kachumbari ya pilipili mbuzi! Lakini ilifanya kazi. Siku ya kumi na mbili nilikwenda chooni mara moja tu. Mara moja, Somo, kutwa nzima. Nilisimama uani na kopo langu nikatamani kumpigia simu kila ninayemjua, na niliyetaka kumpigia zaidi ni wewe, na namba yako bado ninayo, nikaitazama.

Kapsuli nilizificha kwenye kijaluba cha fedha ulichoniachia, chini ya vipande vya udi. Idrisa hakigusi. Anasema vya wanawake vina wenyewe.

Ningekuwa nimefika mbali sasa hivi, kama si kikombe cha chai.

Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu zilizopita. Mama mkwe alikuja kututembelea na maharage ya nazi, mihogo ya kukaanga, na chupa ya chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, naomba chai ya rangi, nyepesi, na kama hutojali nitakula ubwabwa wangu." Akaweka kikombe chini. Akanitazama usoni, akanitazama kifuani, akanitazama tumboni.

"Anachagua!" akasema. "Wallahi huyu anachagua! Maziwa anayakataa! Wa kiume huyo, hata mie Idrisa alinikatalisha maziwa."

Sijameza mate, akapiga kigelegele. Mama Sele akakidaka uani, "Kumbe ndiyo maana choo hakikauki!" akapiga na chake. Idrisa akavuka barabara mbio, bisibisi mkononi, akasimama mlangoni ananitazama.

Nilifungua mdomo kukataa. Nakuapia. Halafu nikauona uso wake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwaka vile, na kibiriti ni mimi. Nikainamisha macho.

Na wewe ndiye uliyenifundisha, makungwi wenzako wakiitikia: mwali hajibu kwa mdomo, mwali akiinamisha macho amekubali. Wote waliokuwepo walinisoma kama ulivyofundisha nisomwe.

Nilidhani kesho yake nitasema. Kesho yake Idrisa akaja na embe mbichi za chumvi na pilipili, na ule udongo wanaoutafuna wajawazito, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Nikala. Kufikia alfajiri nilikuwa nimekwenda uani mara tano, na yeye amesimama nje ya choo na tochi, ananiambia kupitia mlangoni, "Pole, mke wangu. Mwanao mkorofi huyo." Nilimsikia nikiwa nimejikunja humo ndani, jasho linanitoka, nimeuma pindo la kanga nisitoe sauti.

Siku mbili baadaye akaleta jina. "Mama anataka dume, lakini mie naona binti. Na akiwa binti ataitwa Mwanaidi, ili uwe unamwita somo wako kila siku." Nililia. Akadhani nimefurahi. Na kweli nilifurahi, Somo, hilo ndilo baya zaidi. Kwa muda kidogo niliamini. Nilikuona mdogo, na meno yako yaliyoachana, ukitambaa kwenye sakafu yangu.

Mama mkwe akahamia kwetu siku saba kunilea. Idrisa akaenda kulala kwa rafiki yake, mama akalala na mie kitandani. Mkono wake ulikuwa tumboni kwangu tangu ninapofumba macho mpaka ninapoyafumbua. Ningekifunguaje kijaluba? Siku tano kati ya hizo saba sikumeza kapsuli hata moja, na kila asubuhi ananikalia na bilauri ya maziwa. "Kunywa, mwanangu, si kwa ajili yako." Tumbo likarudi kule kule, na safari hii na maumivu. Miguu ikakosa nguvu. Mama anasema mimba changa ndivyo zilivyo.

Halafu Jumatano hii nikaingia mwezini, baada ya miezi miwili ya kukosa; kukonda tu, daktari alishapima.

Idrisa anajua mkewe akiacha sala maana yake ni nini. Basi, Somo, nilitandika mswala. Nimesimama pale nikijua sistahili kusimama, mara tano kwa siku, siku nne sasa, nachezesha midomo bila neno hata moja, nisije nikaongeza dhambi juu ya dhambi. Na yeye amekaa mbele yangu, mgongo wake ule ninaoupenda, anainua mikono na kuomba kwa sauti. Anamtaja Mwanaidi kwa jina. Anasema, "Mjalie awe na afya ya mama yake."

Afya ya mama yake.

Nimechoka. Jana nilipata wazo na nakwambia kwa sababu huwezi kuwaambia wengine. Damu si ipo? Nikisema mimba imetoka, nani atabisha? Mkunga atakuta tumbo tupu, nitalazwa, nitapikiwa uji, nitaliliwa, na siku moja yatasahaulika. Nilimpigia dada Rukia kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Zuhura, utamzika mtoto ambaye hakuwepo, na jina la Somo juu yake?" Nikamkatia.

Lakini wazo bado ninalo. Liko hapa nami mezani. Ni jepesi mno, Somo, na mie sina nguvu ya kubeba kizito.

Idrisa anafunga sanduku la vifaa. Anavuka barabara. Ngoja.

*

Nimerudi. Ni saa tisa kasoro.

Alinawa, akatawadha, akatandika mswala, akaniita. Sikwenda. Nilisimama pembeni ya kitanda nikasema, "Sina sala leo. Sina tangu Jumatano."

Alielewa nusu. Rangi ilimtoka. "Unatoka damu? Tangu Jumatano? Zuhura, twende hospitali!" na tayari amepiga magoti anatafuta viatu chini ya kitanda. Hapo ndipo ningeweza kumaliza kila kitu bila hata kusema uongo. Nisingehitaji neno. Ningeinamisha macho tu, kama siku ile.

Somo, yalikuwa mazito kama mawe, lakini niliyainua. Nikamwambia, "Hapakuwa na mimba, Idrisa. Tangu siku ile ya chai."

Alikuwa na kiatu kimoja mkononi. Akauliza, "Hapakuwa na Mwanaidi?"

Hakusema mtoto. Alimtaja. Nikasema hapakuwa naye.

Nikakileta kijaluba, nikakifungua mbele yake, nikamwaga kapsuli, nikaweka kando yake daftari langu la vyakula na karatasi ya daktari, nikamweleza yote, hata lile neno. Alikaa sakafuni na kiatu chake mapajani. Akasoma jina la dawa polepole, akasema, "Kama jina la beki wa kigeni." Akasoma daftari, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye siku ya embe, nilipokuwa nimeandika "mara tano, Idrisa na tochi", akalifunga.

"Kuharisha tu?" akasema. "Mie kutwa nazibua uchafu wa mafriji ya watu, Zuhura. Ungeniambia unaharisha ningekuchotea maji."

Kisha akasema lililonikata. "Ugonjwa ningeuzoea. Sasa zile dua zangu nazipeleka wapi?"

Wewe unalo jibu lake, Somo? Kama unalo, niletee hata ndotoni.

Hajanisamehe, sitakudanganya. Aliswali peke yake, akavaa viatu, akatoka. Nimemwona kupitia dirishani amekaa mbele ya friji lililo wazi, hafanyi kitu, mikono kati ya magoti. Nikatazama simu. Haikulia. Ikaja kulia baadaye. "Mama na mkunga wameshafika Mtoni. Nimwambie mimi?"

Hakuandika Mke wangu. Nimeisoma meseji hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho mara nyingi, nimelitafuta neno hilo, halimo.

Nikamjibu, "Hapana. Aliyeinamisha macho ni mimi."

Basi nimebaki na muda mdogo. Kwenye jiko nimeweka sufuria mbili. Moja ni chai ya maziwa yenye tangawizi kwa mama mkwe na mgeni wake. Ya pili ni ubwabwa wangu, laini, hauna pilipili, na nitaupakua mbele yao. Kijaluba nimekiacha wazi mezani, karibu na chumvi, na hakifungwi tena. Kesho asubuhi nitampigia daktari nimwambie siku nilizoruka, anipangie upya. Anaweza kunigombeza. Nimestahili. Tumbo linanguruma hivi ninavyoandika, na njia ya uani ni ndefu, na Mama Sele amekaa pale pale anachambua mchele.

Naogopa, Somo. Mama mkwe atasema nini? Atapiga ukelele nyumba nzima isikie? Atamwambia mwanawe anirudishe Kiwalani na kanga zangu? Wanaume wameacha wake zao kwa makosa madogo kuliko hili. Na mie bila mtu yule sijui nitakuwa nani, naandika hivi machozi yananidondokea kwenye wino.

Jina lako nimelirudisha. Nimelitamka hapa chumbani, mara moja, polepole, halafu nikalikunja kama kanga mpya, nikaliweka. Sikulichafua kwa kusudi. Niwie radhi. Akija wa kweli, na kama Idrisa bado atataka kuzaa na mie, tutakuja kaburini kwako tukuombe jina upya, kwa adabu, sote wawili tumesimama. Nakuahidi hilo. Na nakuahidi kwamba siku nikioga, sala yangu ya kwanza iliyo halali nitaomba toba, na ya pili nitakuombea wewe, kwa sauti, kila neno na herufi zake.

Gari limesimama. Namsikia mama mkwe tangu nje, "Hodi humu! Mwali wangu yuko wapi, mbona hatuoni akitupokea?" Na kupitia dirishani namwona Idrisa ameinuka kwenye kiti chake. Anavuka barabara. Sijui anakuja kusimama upande gani.

Pumzika, Somo. Mafunzo yako yote nimeyashika, isipokuwa moja nakurudishia leo. Naenda kuwafungulia mlango, na macho nitayainua.

Mwali wako,
Zuhura